Mzee wa Lenzi Anajibu: Tazama Taya, Usitazame Masikio

Toleo lililopita tulichapa picha ya tembo jike akibandua gome la mbuyu, nami nikaandika chini yake kwamba ilinichukua siku tatu kuipata. Sikujua maneno yale machache yangeniletea barua nyingi hivi. Wengi wanauliza siku tatu nzima nilikuwa nafanya nini. Nilikuwa nimekaa, jamani. Tembo alikuwa anakula, mimi nimekaa. Barua nyingine nimezifupisha, na zile zinazouliza natumia kamera ya aina gani nimeziweka kando, maana kamera yangu ni kuukuu na haina siri yoyote.

*

*Shikamoo Mzee wa Lenzi. Mwezi wa nane nilikwenda Tarangire nikarudi na picha 412 za tembo wakila. Nilipozifungua kwenye kompyuta, hakuna hata moja inayoonyesha kwamba wanakula. Ni tembo tu, kasimama, mkonga chini. Nimekosea wapi?*
*Mwenye picha 412*

Marahaba mwanangu. Kosa lako tumelifanya sote. Ulimwona tembo ukabonyeza, ukamwona tena ukabonyeza, mpaka kadi ikajaa.

Tembo hula kama saa 16 kwa siku, wakati mwingine 18. Huingiza tumboni kilo 150 hivi za nyasi, majani, matawi na magome, na tumbo lake humeng'enya chini ya nusu ya alichomeza, ndiyo maana hana nafasi ya kupumzika. Hebu lifikirie jambo hilo kama mpigapicha. Simba akiua, una sekunde chache, na ukizembea imekula kwako. Tembo atakurudilia kitendo kilekile hadi betri yako iishe kabla yake. Kwa hiyo dakika kumi za kwanza weka kamera mapajani, utazame tu.

Utaona kwamba kula kwake kuna mapigo, kama mtu anayetwanga. Mkonga unashuka, ncha inapapasa, inashika, inang'oa, inakung'uta, inapeleka kinywani, taya linaanza kazi, na kabla taya halijamaliza mkonga umeshashuka tena. Kila tembo ana mwendo wake. Yupo wa polepole, yupo mlafi. Ukishalijua pigo lake, unabonyeza kabla ya kitendo, hungoji ukione ndipo ubonyeze. Ukishakiona kimeshapita.

Sasa, katika mzunguko huo kuna mahali patatu panapofaa kupigwa, na picha zako 412 naamini zimepita katikati yake.

Pa kwanza ni ncha ya mkonga inaposhika. Tembo wa Afrika ana vidole viwili kwenye ncha ile, kimoja juu kimoja chini (mwenzake wa Asia ana kimoja tu), na kwa vidole hivyo anaweza kuokota tumba moja kavu la mgunga katikati ya changarawe. Hapa achana na mnyama mzima. Jaza fremu kwa ncha, nyasi na mguu. Watu huogopa kumkata tembo kwenye fremu, wanadhani wakikosa masikio wamekosa picha.

Pa pili ni kukung'uta, na mwezi wa nane Tarangire ulikuwa mahali penyewe hasa. Kiangazi nyasi zikiwa fupi mkonga haupati pa kushika, basi tembo huchezesha mguu wa mbele, anaparua kwa kucha, nyasi inakatika au inang'oka na mizizi yake, mkonga unazoa, kisha anakipiga kile kitita kwenye goti au kwenye mguu kutoa udongo. Fundi huyo anajua kwamba mchanga unasaga meno. Vumbi linaloruka pale ndiyo picha. Jua liwe upande wa pili wa tembo au ubavuni, lisiwe mgongoni mwako, ili vumbi liwake. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufungua jicho lake, iwe 1/1000 ya sekunde au zaidi. Kwa kula kwa kawaida 1/500 inatosha.

Pa tatu ni kinywa, na hapa ndipo wengi huanguka. Mkonga ukishafika kinywani unaziba kila kitu, unabaki na bomba la kijivu lililojikunja. Bonyeza nusu sekunde kabla, taya la chini linapofunguka, lile dogo lenye mdomo uliochongoka, na ndani pekundu panaonekana. Au subiri baada, mkonga umeshuka na nyasi zinaning'inia pembeni mwa kinywa. Piga mfululizo mfupi wa picha nne tano, si arobaini. Na usimpige kwa mbele. Kaa ubavuni, au ubavuni kidogo mbele, kwa sababu taya la tembo halizunguki kama la ng'ombe. Huenda mbele na nyuma, na mwendo huo kwa mbele hauonekani kabisa.

Jambo jingine dogo ambalo vitabu vya kamera havikuambii: tazama pembe zake. Kama sisi tulivyo na mkono wa kulia na wa kushoto, tembo naye ana pembe anayoipendelea, na mara nyingi ndiyo iliyo fupi zaidi au yenye ncha butu, wakati mwingine ina mfereji uliochimbwa na nyasi zinazopita palepale miaka yote. Akielekea kwenye mbuyu, utajua ataanza kwa pembe ipi. Kaa upande huo. Siku mbili kati ya zile siku tatu zangu nilikaa upande usio wake.

*

*Mzee, salaam. Tembo wangu huwa weusi kama mkaa au weupe kama jivu. Nilikuwa Amboseli, tembo wako bwawani wanakula, ndege weupe wamewazunguka, lakini picha zimeharibika. Halafu mlima Kilimanjaro haukutokea hata mara moja. Nifanyeje?*
*Msomaji wa miaka mingi*

Umeuliza mawili, nianze na la mwanga.

Kipima mwanga cha kamera kina ujinga mmoja: kinataka dunia yote iwe kijivu cha wastani. Tembo mkavu mwenye vumbi yuko karibu na kijivu hicho, hakusumbui. Tembo aliyelowa ni mweusi tii, na akijaa fremu kamera inadhani ni usiku, inaongeza mwanga, yangeyange wako wanageuka madoa meupe yasiyo na manyoya. Punguza mwanga kwa theluthi mbili ya hatua (hatua moja ni kukata mwanga nusu, au kuuongeza mara mbili). Kinyume chake, tembo akiwa juu ya kilima na anga jeupe nyuma yake, kamera inapunguza mwanga na tembo anakuwa kivuli. Hapo ongeza hatua moja nzima. Mimi sina fomula nyingine. Natazama ndege: nikiona bado nayahesabu manyoya ya yangeyange, picha iko salama, weusi wa tembo nitaufungua baadaye kwenye faili ghafi (RAW), ile ambayo kamera haijaichakata.

Pia usimsafishe rangi. Tembo huvaa udongo wa mahali alipo. Wa Tsavo ni wekundu kwa sababu udongo wao ni mwekundu, na nimeona watu wakihangaika kwenye kompyuta kuwarudisha kwenye kijivu "cha kweli". Kijivu hicho hawajawahi kukivaa.

Kuhusu mlima. Mlima Kilimanjaro huwa wazi alfajiri na mapema asubuhi, halafu mawingu yanaupanda, na mara nyingi hufunguka tena jioni. Tembo wa Amboseli nao wana ratiba yao: asubuhi wanatoka kwenye vichaka vikavu wanatembea kuja kwenye mabwawa, yale yanayolishwa na maji ya mlimani yanayopita chini ya ardhi, wanakula humo mchana, jioni wanarudi. Umeona tatizo? Saa 1 asubuhi mlima upo lakini tembo wanatembea, hawajaanza kula bwawani. Saa 6 mchana wanakula mpaka matumbo yamezama, lakini mlima umejifunika. Picha ya tembo bwawani anakula na theluji nyuma yake ipo, ila ni ya bahati. Mimi huamua tangu nikiamka: leo natafuta mlima, au leo natafuta kinywa. Siku ya kinywa, mawingu yale ni rafiki, yanalainisha jua la mchana.

Bwawani tafuta wazee. Tembo hupewa seti sita za meno ya kutafunia maishani mwake, makubwa kama matofali, hayaoti kutoka chini kama yetu bali yanasogea kutoka nyuma kuja mbele, yale ya mbele yakisagika yanamegeka na kudondoka. Seti ya sita ikianza kuisha, karibu na miaka 60, hawezi tena magome na matawi, anabaki na majani laini ya bwawani. Utamtambua kwa mabonde makubwa juu ya macho. Hutafuna polepole mno, na huyo ndiye anayestahili kadi yako nzima.

*

*Habari za kazi mzee wetu. Dereva aliyetupeleka alikataa kusogea karibu. Tulikuwa na lenzi ya 300 (milimita, ya kuvuta mbali) lakini yeye akasema hapa panatosha. Tulilipia gari lile! Je, mteja hana haki?*
*Aliyekasirika*

Haki unayo. Dereva naye ana macho. Ngoja nikusimulie.

Mwaka wangu wa pili na kamera, tulimkuta jike na ndama wake chini ya mgunga, wanaokota matumba. Nilikuwa na lenzi ya 200 na kiburi cha 600. Nikamwambia dereva asogee. Akasogea kidogo. Nikamwambia tena. Akasogea, uso umekunjamana. Jike akainua kichwa, tawi likiwa limening'inia kinywani, akatulia kama anayepigwa picha ya pasipoti. Nilifurahi! Nikajisemea, huyu amenipa pozi. Dereva akasema kwa sauti ya chini, "Ameacha kutafuna," akawasha gari na kuanza kurudi nyuma. Yule jike akaja. Alikuja bila kelele, hilo ndilo nalikumbuka zaidi, mkonga umekunjwa chini ya kidevu, masikio yamelazwa nyuma. Aliishia hatua chache mbele ya boneti, vumbi likatufunika. Picha pekee niliyonayo ya tukio lile ni kiwiko changu na kipande cha dari ya gari.

Tulipokuwa mbali dereva akanipa somo ambalo nimelitumia hadi leo: tazama taya, usitazame masikio.

Masikio hudanganya. Tembo hupepea masikio kwa joto, damu inapita kwenye mishipa ile mikubwa na kupoa, kwa hiyo masikio yanayopepea polepole hayana maana ya hasira. Taya halidanganyi. Tembo anayetafuna amekukubali. Taya likisimama, na hasa chakula kikiwa bado kinywani, amekuweka kwenye mizani, na wewe hupaswi kuongeza kitu upande wako: usiongee, usisimame kwenye paa, usisogee. Mara nyingi baada ya nusu dakika anarudi kutafuna. Asiporudi, ondoka taratibu.

Kuna ujanja mmoja ambao ni lazima uujue, maana umewaponza wenye uzoefu. Tembo mwenye wasiwasi hujifanya anakula. Anang'oa majani, anayachezea, anayatupa, anang'oa tena, mguu mmoja wa mbele unabembea, mkonga unapinda huku na kule kunusa. Anayemtazama mkonga ataapa kwamba anakula. Mtazame taya: halifanyi kazi. Huyo bado anaamua.

Na dume anayetembea kichwa juu, majimaji meusi yanatiririka kati ya jicho na sikio na mkojo unadondoka kwenye miguu ya nyuma, yuko kwenye kipindi cha kutafuta majike. Kipindi hicho hata kula hali sana. (Majimaji ya shavuni peke yake si dalili tosha, hata majike huyatoa wakisisimka. Tazama mkojo.) Huyo mpishe tu, huna picha ya kula kwake.

Kuhusu lenzi ya 300: inatosha mno. Tembo hana macho makali, pua yake ndiyo inayokusoma. Mwambie dereva akuwekee gari mahali ambapo upepo hautoki kwenu kwenda kwao, azime injini kabisa ili kamera isitetemeke, halafu wekeni mfuko wa mchanga au wa maharage dirishani na lenzi juu yake. Mkae. Mara nyingi kundi linalokula litasogea lenyewe upande wenu, na tembo aliyekuja mwenyewe anakula tofauti kabisa na yule uliyemfuata. Kutoka nje ya barabara hifadhini, sahau. Hilo si la dereva, ni sheria.

Na dereva yule umpe asante ukikutana naye.

*

*Mheshimiwa Mzee wa Lenzi, mimi ni mwalimu mstaafu. Sina kamera, nina simu aliyoninunulia binti yangu. Tunakwenda na kikundi chetu Ruaha mwakani. Je, nijisumbue?*
*Mwalimu*

Shikamoo Mwalimu. Jisumbue, tena sana.

Futa kioo cha simu kwa kitambaa laini, kila saa, kwa sababu vumbi la njiani ndilo linaloharibu picha nyingi kuliko simu yenyewe. Usivute kwa vidole. Ukivuta sana, simu haikuletei tembo karibu, inakata tu kipande cha picha na kukipanua. Mwache tembo awe mdogo. Tembo mdogo chini ya mbuyu mkubwa, na mto mkavu, na nyayo zinazoelekea kwake, ni picha ambayo sisi wenye malenzi marefu hatuwezi kuipiga, tumejifungia kwenye kope za mnyama. Gusa kioo hapo alipo tembo, shikilia mpaka simu ifunge fokasi, kisha punguza mwanga kidogo kwa kidole.

Halafu, Mwalimu, piga picha ya meza baada ya wageni kuondoka, yaani yale ambayo tembo ameyaacha nyuma. Kinyesi cha tembo kimejaa mbegu na nyuzi ambazo hazikusagika. Kwenye msimu wa matumba utaziona mbegu za mgunga nzima nzima, na nyingi zitaota. Kuna vitita vya nyuzi nyeupe vilivyotemwa njiani, hivyo ni vya mkonge pori, tembo hutafuna maji yake na kutema kamba. Mbuyu utausoma kama ubao wa darasani. Kiangazi, maji yakiwa haba, tembo hubandua gome na kutafuna nyama ya ndani ya mti ule, ambayo ni laini na imejaa maji. Mbuyu una uwezo ambao miti mingi haina, huotesha gome jipya juu ya kidonda, kwa hiyo utaona makovu juu ya makovu, ya zamani yamelainika, ya juzi bado yana rangi nyekundu. Msimamishe mwenzako karibu na gari, pale mnaporuhusiwa kushuka, ili urefu wa makovu uonekane. Simu inatosha kabisa kwa hayo yote.

*

*Mhariri, mpe huyu mzee barua yangu. Nalima mahindi jirani na hifadhi. Ninyi mnawapamba tembo wakila majani mazuri jioni jua linazama. Njooni mwapige picha wakila shamba langu saa 8 usiku. Au hiyo si chakula chao cha asili?*
*Mkulima*

Ndugu Mkulima, barua yako nimeisoma mara tatu. Una haki, nami sina picha hiyo. Miaka yote hii nimepiga mibuyu na mabwawa, sijapiga hata mara moja shamba asubuhi baada ya kundi kupita. Wahenga walisema wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Wanapokula mahindi yako anayeumia ni wewe, tena kwa usiku mmoja.

Sitakuja saa 8 usiku na taa ya kamera, nikuambie ukweli. Mwanga wa ghafla usoni mwa tembo aliye shambani, huku watu wanakimbia na mabati wanapiga, ni hatari kwako kuliko kwangu, maana mimi nina gari. Ila naweza kuja asubuhi. Picha ya bua lililotafunwa, unyayo katikati ya tuta, na mwenye shamba amesimama hapo, ni picha ya tembo anakula, na nadhani ni ya kweli kuliko nusu ya zilizopo kwenye kabati langu.

Wasomaji wengine wanaotaka kuipiga habari hii, kuna jambo la kupiga pia: uzio wa mizinga. Mizinga ya nyuki inaning'inizwa kuzunguka shamba na kuunganishwa kwa waya; tembo akiusukuma waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka. Ngozi yake ni nene lakini nyuki huenda machoni na ndani ya mkonga, na tembo hujua. Majaribio ya mwanzo yalifanyika Kenya, sasa uzio huo upo katika nchi nyingi. Haufukuzi kila tembo. Mahali unapofanya kazi, mkulima anavuna mahindi na asali, na mpigapicha ana sura ya mtu ndani ya habari ya tembo, jambo ambalo kurasa zetu zimekosa kwa muda mrefu.

Mhariri ameniahidi ukurasa. Ndugu Mkulima, kama bado uko tayari kunipokea, mjulishe yeye.

*

*Mzee, nina picha ya ndama anakula mavi ya mama yake. Mke wangu anasema niifute, ni aibu. Nifute?*
*Baba wa nyumba*

Usifute! Mwambie shemeji yangu kwa heshima kwamba hiyo ni picha adimu kuliko ya machweo. Ndama huzaliwa bila vijidudu vya tumboni vinavyosaidia kumeng'enya majani, na huvipata kwa kula kinyesi cha mama au cha jamaa zake. Hiyo ndiyo hatua yake ya kwanza kuelekea kwenye nyasi.

Ndama mdogo ni mcheshi kumpiga kwa sababu mkonga bado haumtii. Miezi ya mwanzo anaukanyaga, anauzungusha, anaunyonya kama mtoto na kidole gumba, na akitaka maji hupiga magoti na kunywa kwa kinywa. Maziwa pia hunyonya kwa kinywa, mkonga ameutupa kando, na ziwa la mama liko kati ya miguu ya mbele, si ya nyuma kama la ng'ombe. Wapigapicha wengi hulenga nyuma na kukuta mkia. Utamwona pia akipenyeza mkonga kinywani mwa mama na kuchomoa kilichokuwa kinatafunwa. Mama humwachia. Kwa njia hiyo anajifunza kinacholiwa. Kwa picha hiyo tumia tundu la lenzi lililobanwa kiasi, f/8, kwa sababu ukifungua sana jicho la mama litakuwa safi na mkonga wa mtoto umefifia.

Kama picha yako ni kali, nitumie. Nitaiombea nafasi, shemeji akikubali.

*

*Je, droni inafaa kwa tembo wanaokula?*
*Kijana wa teknolojia*

Haifai. Hifadhini hairuhusiwi bila kibali maalumu, na mlio wake unafanana na kundi la nyuki. Soma jibu la Mkulima hapo juu. Kwenye video nyingi za droni nilizoziona, tembo wanakimbia, hakuna hata mmoja anayetafuna.

*

*Mzee, nimepiga dume mwenye pembe zinazogusa ardhi. Naweza kuweka mtandaoni?*
*Bila jina*

Weka picha. Ondoa mahali na siku, maana majangili nao husoma mtandao. Simu na kamera nyingine huandika mahali ndani ya faili lenyewe bila kukuambia, kwa hiyo zima huduma hiyo kabla hujaingia getini, na usitaje mto wala kilima kwenye maelezo. Ukiwa na kundi lenu la safari, waombe na wao wafanye hivyo kabla gari halijafika kwenye mtandao.